Uje Uyahesabu Magurudumu ya Nyuma

Shinyanga Mjini,
Nyuma ya stesheni,
9 Mei 1937.

Mpendwa kaka yangu Sabiti,

Shikamoo kaka. Salamu zangu zikukute mzima huko Kimamba, wewe na wifi Chiku na watoto wote watatu. Je, kifua cha wifi kimepoa? Uliandika kwamba vumbi la mkonge linamsumbua. Mwambie asiache kunywa tangawizi, na wewe usiache kumnunulia. Na yule mdogo, ameshaota meno? Kila tukimtaja, Mama huniuliza ana meno mangapi.

Sisi huku tu wazima, Alhamdulillahi. Goti la Mama huuma asubuhi, likipata jua linatulia. Binti yangu Tabu amekuwa mrefu, amenipita bega, na bado anamkimbia jogoo. Mvua imekatika juma lililopita. Mwaka huu imenyesha mpaka ukuta wa jiko umelala chini, lakini sikuusikitikia, ulikuwa ukuta mbovu tangu zamani za Baba.

Sasa kaka, kaa vizuri. Kama unakula, maliza kwanza.

Lori limefika Geita mara tatu. Nasema mara tatu! Februari, Machi na Aprili, katika mvua hiyo hiyo iliyoangusha jiko, na kila mara limerudi hapa Shinyanga salama. Na nyuma, ewe fundi mkubwa wa magari ya mkonge, lilikuwa na magurudumu manne. Mawili kushoto, mawili kulia. Umenisikia?

Barua yako ya Januari ninayo hapa mbele yangu, nimeiwekea kikombe isipeperuke. Ngoja nikusomee maneno yako mwenyewe, usije ukasema nimeyatunga: “Mwaisha, lori hilo likifika Geita mara tatu masika hii likiwa na magurudumu manne nyuma, mimi Sabiti nitapanda treni nije kuyaangalia kwa macho yangu.” Hivyo ndivyo ulivyoandika, na chini ukatia sahihi yako kubwa yenye mkia.

Najua uliandika ukicheka. Lakini mimi nilimsomea Mama. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaniambia nirudie tena, pale penye treni tu. Kaka, uliondoka hapa mwaka ule reli ilipofika Mwanza, sasa ni miaka tisa. Baba tumemzika bila wewe. Mama ana wajukuu watatu ambao hajawashika hata vidole. Kwa hiyo majirani walipokuwa wakituuliza habari za lori, walidhani roho zetu ziko juu kwa ajili ya mtama. Ndiyo, mtama pia. Lakini ndani ya nyumba hii sisi wawili tulijua tunahesabu safari tatu kwa sababu gani.

Nianze mwanzo basi, maana wewe hukupata habari zote.

Tangu mume wangu atutoke nimekuwa nikinunua karanga na mtama huko mashambani na kuuza mjini, hilo unalijua. Katika kazi hiyo nikafahamiana na Mihayo wa Tinde. Humjui huyu mtu. Ni Msukuma mrefu, mkulima hasa, analima kwa plau na maksai, na akisimama mbele ya ng'ombe wake utafikiri yuko mbele ya wakweze kwa heshima anayowapa. Mwaka jana tajiri mmoja wa Kahama alikuwa anahama, akawa anauza lori lake. Mihayo akatoa ng'ombe, mimi nikatoa nilichoweka, tukalichukua pamoja. Ukoo mzima wa Tinde ulimcheka. Wakamuuliza kama chuma kile kitazaa. Mkewe Limi alikaa siku nne hazungumzi naye, anamwekea chakula na kugeuza uso.

Kazi tukaipata Geita. Yuko huko mtu wa Ujiji anaitwa Bwana Majaliwa, ndiye msimamizi wa chakula katika kambi moja ya wachimbaji wa dhahabu. Wachimbaji wale wanakula, kaka! Shida yake ni masika, maana malori husimama na watu hubaki na njaa juu ya dhahabu. Akatuwekea sharti: gunia ishirini za mtama kila mwezi, miezi mitatu ya mvua, na tusikose hata mwezi mmoja. Tukiweza, kazi ni yetu na kiangazi pia. Tukishindwa mara moja tu, tusirudi.

Ndipo ugomvi wa magurudumu ukaanza. Lori hili, kama nilivyokuandikia, nyuma lina nafasi ya magurudumu mawili kila upande, la ndani na la nje. Ukitaka unaweza kuyafungua ya nje, likaenda na moja-moja. Dreva wetu Mabula, kijana wa Kahama, magari yote aliyoendesha yalikuwa ya moja-moja, akataka tuyafungue yale mawili tuyabebe juu yawe akiba. Na barua yako ilipofika nikamsomea, loo, akavimba! Fundi wa Kimamba amesema! Umesema tope litajaa katikati ya mawili na kuganda. Umesema gurudumu moja litafuata mfereji uliochimbwa na mikokoteni, lakini yakiwa mawili, moja litakuwa ndani ya mfereji na jingine juu, lori litatembea limeinama. Umesema mipira minne inakula pesa kuliko miwili. Maneno yote hayo Mabula aliyakariri, akawa anayasema hata kwenye kibanda cha chai.

Mihayo yeye alitaka manne. Ukimuuliza sababu anasema hajaona mtu mwenye akili anayelima na maksai mmoja. Basi, hana sababu nyingine.

Mimi nikaona nikiwasikiliza hawa nitazeeka. Nikachukua kanga na chupa ya chai, nikaenda kwenye mbuga ya njia ya Tinde, pale ardhi nyeusi inaposhika mguu wa mtu na kuvua kiatu. Nikakaa kwenye kichuguu siku mbili nikitazama malori yanavyopita. Watu walinipita wakidhani nimefukuzwa nyumbani.

Siku ya pili likaja lori la gurudumu moja-moja, limejaa. Likaufuata mfereji wa mikokoteni vizuri, kama ulivyosema. Halafu mfereji ukalimeza. Likakaa chini mpaka ekseli. Dreva wala hakushtuka, akawasha sigara. Mara wakaja watu na ng'ombe kumi na wawili, wakafunga mnyororo, wakavuta wakiimba, lori likatoka. Nikamwendea yule dreva nikamuuliza, je, ukizama ng'ambo ya Ushirombo, unafanyaje? Akanicheka mbele ya watu. Akasema, “Mama, huko hakuna ng'ombe wa kukuvuta. Mbung'o wamewamaliza wote. Huko ukizama unakaa na mzigo wako mpaka jua litoke, na mwaka huu sijui litatoka lini.”

Kaka, nilirudi nyumbani nikiwa nimekwisha amua. Wewe uko Kimamba, kuna matrekta na vibarua mia mbili wa kusukuma. Dreva yule alizama hapa penye ng'ombe. Mimi mzigo wangu unapita maili nyingi za pori ambamo hata mbuzi haishi. Gari langu lisitegemee kuvutwa. Gunia ishirini juu ya magurudumu mawili zitazama, juu ya manne zitaelea. Nikawaambia wote wawili, manne, na maneno yamekwisha. Mabula alinuna siku tatu.

Sasa nakuja kwenye aibu, na nakuomba usiisome kwa sauti mbele ya mafundi wenzako.

Mipira iliyokuja na lori, miwili ilikuwa bado ina uhai ingawa imelika. Tukanunua mipya mitatu, miwili ya kufunga na mmoja wa akiba. Mabula akauliza afunge vipi. Mihayo akajibu kabla ya mtu yeyote. Akasema, ukitaka kumfundisha maksai mpya plau, humfungi na mpya mwenzake, watakwenda kila mmoja na njia yake. Humfunga na mzee. Mzee anajua mtaro, mpya ana nguvu, na baada ya siku chache wanakwenda pamoja. Kwa hiyo kila upande tufunge mpira mmoja mzee na mmoja mpya. Kaka, mimi niliona ni maneno ya busara kabisa! Niliitikia kwa kichwa. Mabula naye, ambaye hajapata kuendesha gari la namna ile, akaitikia. Tukafunga hivyo, tukasoma dua, tukaondoka.

Tulikuwa watatu. Mabula na mimi mbele, Mihayo juu ya magunia, maana amekataa kabisa kukaa ndani ya chuma. Mpaka Kahama mambo mazuri. Ushirombo tukapita tukawaamkia watu wa misheni. Mbele kidogo kuna kizuizi cha watu wa mbung'o, wenye nyavu za kunasa wale nzi. Walilikung'uta lori lote, halafu wakanizunguka na mimi na nyavu zao, utafikiri nimeficha mbung'o kwenye kanga. Mihayo huko juu alicheka mpaka akakaribia kuanguka.

Maili chache ndani ya pori, paa! Lori likainama kushoto, nikashika mlango. Nikajua tunalala ubavu na magunia yote juu ya Mihayo. Halikulala. Liliyumba, likasimama. Mpira mpya wa kushoto ulikuwa umepasuka vipandevipande, na yule mzee wa pembeni yake amebeba peke yake. Kama ningekusikiliza wewe, kaka yangu, tungekuwa tumepinduka, na barua hii angeiandika mwingine. Tukaondoka polepole, tukajikokota kwa mwendo wa miguu, mpaka tukafika penye vijumba vipya vya watu waliokusanywa kwa sababu ya malale.

Hapo tulipokelewa na mke wa katekista, Mama Paskazia, mwanamke mfupi mwenye macho makali. Akatupa maji na viazi. Mabula akaweka jeki, akafungua magurudumu, akayaegemeza ukutani, lile la mpira mzee na lile la akiba jipya, ili ayasafishe kabla ya kufunga. Mama Paskazia alikuwa amekaa anamenya mihogo. Akayatazama, akainua kisu akauliza, “Hawa si mapacha? Mbona mmoja kamzidi mwenzake?”

Mabula akaacha kusafisha. Nikatoa uzi wangu wa kushonea magunia, nikauzungusha kwenye mpira mpya, nikatia fundo. Nikauzungusha kwenye mzee. Ulizidi vidole vinne! Nikaenda kuushika mpira mpya wa upande wa kulia, uliokuwa bado mzima. Niliuondoa mkono upesi, ulikuwa unaunguza. Mzee wake wa pembeni alikuwa baridi, hana jasho wala vumbi la kutosha. Kumbe njia nzima kutoka Shinyanga, yule mpya ndiye anayebeba mtama wote, na mzee ananing'inia pembeni anapunga upepo.

Mihayo alichuchumaa mbele ya yale magurudumu, akayapapasa yote mawili. Halafu akasema taratibu, “Kumbe gurudumu halifundishwi.” Nilicheka mpaka machozi, Mama Paskazia akacheka ingawa hakujua tunacheka nini, na mwisho Mihayo mwenyewe akacheka, anajipiga mapaja.

Tukapanga upya. Wazee wawili pamoja kushoto, wapya wawili pamoja kulia. Nikawapima kwa uzi kila mmoja na mwenzake. Toka siku ile hatujapasua mpira tena, na uzi ule wenye mafundo umetundikwa ndani ya lori mbele ya Mabula, haruhusiwi kufunga gurudumu bila kuutumia. Geita tukaingia na gunia ishirini. Safari ya kwanza.

Najua unasema nini saa hii. Unasema, jambo hilo kila fundi analijua, mapacha lazima walingane. Sasa mbona hukuniandikia? Nitakuambia. Hukuandika kwa sababu ulikuwa na hakika kwamba dada yako atafuata amri na hatayafunga! Hapo nimekushika.

Safari ya pili nakupa haki yako, mimi si mnyimivu. Tope lilijaa katikati ya magurudumu kama ulivyosema. Ni hapa hapa kwetu, kabla ya Kahama. Udongo ule mweusi uliingia kati ya mawili, ukashindiliwa, ukapanda mpaka chini ya sanduku la mzigo, magurudumu yakakataa kuzunguka. Mabula alishuka akanionyesha lile tope kwa kidole, na kile kidole kiliniudhi kuliko tusi. Tulichimba kwa panga na kwa mikono. Tunakwenda kidogo, tunachimba. Tunakwenda kidogo, tunachimba. Nguo zangu zote zikawa rangi moja. Tulivutwa na ng'ombe mara mbili siku hiyo, na waliotuvuta ni watu wanaomjua Mihayo, wakamuuliza mbele yangu ng'ombe wake wanaendeleaje ndani ya chuma.

Aliukunja mnyororo wao akawarudishia. Lakini tulipofika Kahama alitupa kisogo, akaenda kwa shemeji yake anayekaa pale, akarudi amebeba nira ya kale begani. Ilikuwa nira yake mwenyewe, ya maksai wake wa kwanza, aliyomwazima shemeji miaka mingi. Mti wake mgumu, umelainika kwa shingo za ng'ombe mpaka unang'aa. Akaomba msumeno. Mimi nilimzuia, nikamwambia tutafute mti mwingine. Akasema miti mingine itavunjika, huu umekwisha zoea kuvuta. Akaikata vipande viwili mwenyewe. Nilimwona anavyoshika ile nira kabla ya kukata, nikageuka nikatazama barabara.

Mabula akafunga kila kipande chini ya sanduku kwa waya na parafujo, kikaingia katikati ya magurudumu mawili bila kuyagusa. Gurudumu likizunguka, ule mti unakwangua tope kabla halijashikana, linadondoka nyuma vipandevipande. Tulilijaribu kwenye dimbwi la sokoni Kahama, watu wakakusanyika. Lilipita mara nne. Mabula akashuka, na kaka, yule kijana alimpa Mihayo mkono kwa mikono yake miwili. Tangu hapo sijasikia tena habari za fundi wa Kimamba kwenye kibanda cha chai.

Geita tukafika siku mbili nyuma, lakini ndani ya mwezi. Bwana Majaliwa alilichungulia lori chini, akaona ile nira, akauliza hiyo ni dawa? Mihayo akasema ndiyo. Safari ya pili.

Ya tatu, Aprili, Mama hakula vizuri juma zima kabla ya kuondoka. Nilidhani anaumwa. Kumbe anahesabu. Asubuhi tunaondoka alitoka na fimbo yake, akalizunguka lori, akayagusa magurudumu ya nyuma moja moja kwa mkono, yote manne, akarudi ndani bila kuaga. Nami nikapanda.

Mvua ile, kaka! Ushirombo kwenyewe watu walituambia tusiendelee. Wanasema mbele kuna lori limezama siku ya tatu sasa. Tukaendelea. Mabula anaendesha pua kwenye kioo, Mihayo huko juu amejifunika turubai anaimba nyimbo za kulimia. Tope linaingia katikati ya magurudumu, nira inalitoa. Linaingia, inalitoa. Mimi nilikuwa nimetoa kichwa nje nalitazama linavyodondoka, nimelowa chapachapa, na nilikuwa na furaha ambayo sijui niieleze vipi.

Tukalikuta lile lori lililozama. La gurudumu moja-moja. Na dreva wake, amekaa juu ya bodi amejikunja kwa baridi, ni nani? Ni yule yule aliyenicheka kwenye mbuga ya Tinde! Siku tatu anakula mahindi mabichi ya mzigo wake. Aliponiona alijua mimi ni nani, akainamisha kichwa.

Mabula alitaka tupite. Hakusema kwa ubaya. Alisema tukisimama hapa tutazama na sisi, na safari ya tatu itakufa, na kazi na kila kitu. Alikuwa anasema kweli. Nami nikakumbuka mkono wa Mama juu ya magurudumu. Wallahi nilitamani kumwambia kanyaga. Lakini nilimtazama yule mtu, na pori lile lisilo na ng'ombe hata mmoja, nikashindwa. Nikamwangalia Mihayo. Alikuwa amekwisha shuka, ameshika mnyororo. Akasema, “Mama Tabu, leo ng'ombe ni sisi.”

Tukafunga. Mabula akatia gia ya kwanza, polepole. Magurudumu yetu manne yakazunguka bure, moja, mbili, tope linaruka usoni kwetu, lori letu likaanza kushuka. Nikafumba macho. Halafu nikasikia ile nira inakwangua, kra, kra, kra, na injini ikabadili sauti. Nilipofumbua, mnyororo ulikuwa umekaza, na lile lori la moja-moja linatoka shimoni linalia kila mahali. Tulilivuta mpaka penye mchanga. Nilipiga vigelegele peke yangu katikati ya pori, hakuna aliyesikia ila wanaume watatu na mvua.

Yule dreva alishuka akaja kwangu, akaniambia shikamoo mama. Umri wake unanizidi! Nikamwitikia marahaba, kwa raha zangu zote.

Siku ya pili yake tukaingia Geita, tarehe ishirini na sita, bado siku nne mwezi kwisha. Bwana Majaliwa mwenyewe alitoka na mwavuli. Wachimbaji walioona magunia walikuja wakashusha wenyewe bila kuitwa. Kazi ni yetu, kaka, mpaka masika mengine. Mihayo alirudi Tinde amesimama juu ya lori kama jumbe, na Limi mkewe akamtokea na maji ya kunawa mbele ya ukoo wote uliomcheka. Siku hiyo alikula na watu.

Na mimi nilipofika hapa, Mama alikuwa mlangoni. Hakuuliza mtama. Hakuuliza barabara. Alisema, “Tatu?” Nikamwambia tatu. Akaingia ndani akaanza kuhamisha vyungu kutoka chumba chako.

Kwa hiyo kaka, sitaki barua ya pongezi. Sitaki kanga, usinitumie kitu. Treni ya kutoka Tabora inapita hapa, unaijua, ndiyo ile ile iliyokuchukua. Najua pia kwamba kinachokuzuia si nauli wala ruhusa ya kazi. Unaona haya kwa sababu ya Baba, kwamba alikufa hujarudi. Baba hakukuwekea neno baya hata moja, nilikuwa pale. Alikufa anasema Sabiti atakuja, hajui tu njia ya kuanzia. Basi njia nimekutafutia mimi. Uje kuangalia magurudumu. Mtu akikuuliza, mwambie umekuja kwa habari ya magurudumu.

Andika siku tu, nasi tutakuwa stesheni na lori. Utakaa mbele, kati yangu na Mabula, wifi na watoto watajaa tutakavyowapakia. Lakini kabla ya kupanda utazunguka nyuma na kuyahesabu kwa sauti, Mihayo akisikia. Hilo sikusamehe.

Nisalimie sana wifi Chiku, na watoto wote kwa majina yao, umwambie yule mdogo asimalize kuota meno kabla bibi yake hajayaona. Tabu anakuamkia, anasema mjomba umletee kamba ya mkonge ya kurukia. Mihayo anakusalimu, Limi pia, na Mabula anakusalimu kwa adabu ya mtu aliyekuwa upande wako akahama. Mungu akulinde katika mashine zile, akupe afya na riziki ya halali, na akupe moyo mwepesi wa kupanda treni.

Ni mimi dada yako akupendaye, niliyekushinda,

Mwaisha binti Akida

Nilikuwa nimekwisha ikunja barua, Mama akaniambia niifungue niandike maneno yake kama anavyoyasema, nisiongeze kitu. Haya ndiyo: “Sabiti, mimi magurudumu siyajui. Chumba kimefagiliwa. Njoo.”